Kuchuja Intaneti ya Kanisa kwa DNS: Hatua kwa Hatua

Parokia moja ya hapa Unguja iliponiomba niifungie wifi ya ukumbini, kamati ilitaka mambo mawili tu: picha za ngono zisipite, na vijana wa kwaya wasibeti wakati wa mazoezi. Nilibadilisha namba mbili kwenye ruta nikaondoka nimeridhika, na Jumapili ya pili yake kijana mmoja akanionyesha, kwa heshima zote, kwamba kila nilichodhani nimekizuia kinafunguka kwenye simu yake.

Kosa langu lilikuwa kutojua hasa chujio linachuja nini. Tovuti nyingi siku hizi hutumia HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa, kwa hiyo ruta haiwezi kusoma ukurasa unaopita ndani yake. Inachoweza ni kulijua jina la tovuti pale simu inapouliza anwani yake kwa seva ya DNS, kompyuta inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Mfikirie mgeni aliyeshuka Darajani akiulizia njia ya Kanisa la Mkunazini: jina analo, ila vichochoro havijui. Chujio la DNS ni mwelekezaji anayekataa kumwelekeza, na mgeni huyo akimpata mwelekezaji mwingine atafika bila shida. Kazi kubwa, basi, ni kuwaziba midomo waelekezaji wengine.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha mtandao wa ofisi na wa wageni, ili printa na hesabu za sadaka zisionekane na kila mwenye nenosiri la ukumbini.

Hatua ya pili, ingia kwenye mipangilio ya DNS ya ruta uandike 1.1.1.3 na 1.0.0.3, seva za kampuni ya Cloudflare zilizoanza mwaka 2020, ambazo huzuia tovuti hatarishi pamoja na za ngono. Kwa ofisi naona 1.1.1.2 inatosha, kwa kuwa yenyewe huzuia zile hatarishi peke yake. Zima pia chaguo la kupokea DNS ya mtoa huduma, la sivyo ruta itaendelea kumwuliza na yeye.

Hatua ya tatu ndiyo niliyoiruka. Kijana yule alikuwa ameandika 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, kwenye simu yake, akaipita ruta yangu kama asiyeiona. Weka kanuni ya NAT (sehemu ya ruta inayobadilisha anwani za mawasiliano) inayoyarudisha kwenye ruta yenyewe maswali yote yanayotoka kwa wageni kupitia poti ya 53, mlango wa kawaida wa DNS, kwa njia zake zote mbili, UDP na TCP, hata kama yameelekezwa kwingine. Hapo hapo funga poti hiyo kwa upande wa nje, ili ruta ya kanisa isigeuke seva ya DNS ya dunia nzima. Ikiwa mtoa huduma anakupa IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kanuni hizo ziandikwe huko pia; ukishindwa, izime kwa wageni.

Hatua ya nne ni DNS iliyosimbwa, yaani maswali yaliyofichwa ambayo ruta haiwezi kuyasoma. Funga poti ya 853, inayotumiwa na DNS ya faragha ya Android tangu toleo la 9, ukijua kwamba simu iliyowekewa seva maalumu inaweza kukosa intaneti kabisa na mwenyewe akasema wifi ya kanisa ni mbovu. Kisha ifanye ruta ijibu kuwa jina use-application-dns.net halipo; Firefox (kivinjari) ikipata jibu hilo huacha kujiwashia DNS yake iliyosimbwa, isipokuwa mtumiaji awe ameiwasha mwenyewe.

Kubeti kunahitaji kazi ya mkono, kwa sababu seva nilizozitaja hazizuii kamari. Andika majina ya tovuti hizo moja moja kwenye orodha ya ruta, ukianza na zile zinazotajwa sana mtaani.

VPN, programu inayopitisha mawasiliano yote kwa njia iliyofichwa, itapita, na mwenye bando lake hapiti kwako hata kidogo. Nilimweleza hivyo mwenyekiti wa kamati kabla hajalipia kifaa cha bei kubwa alichoahidiwa kuwa kinazuia kila kitu.

Jaribu kwa kufungua nudity.testcategory.com, jina lililowekwa na Cloudflare kwa kazi hiyo, kwanza ukiwa na simu ya kawaida, kisha ukiwa na iliyoandikwa 8.8.8.8, zote mbili zigome. Mwisho, zima kumbukumbu za maswali ya DNS. Katika parokia ambayo kila mtu anamjua mwenzake, orodha ya nani aliulizia tovuti gani usiku haifai kukaa mikononi mwa fundi.