Watafiti wakija kuomba damu kijijini, uliza haya kabla hujaweka dole gumba

Kama upo Newala, Tandahimba, Ruangwa au hata Mtwara mjini, iko siku watakuja vijana wamevaa fulana za mradi, wana kiboksi cha baridi na mafomu, watasema wanafanya utafiti wanaomba damu kidogo tu. Mi siwapingi jamani, dawa tunazokunywa zilipitia njia hiyo hiyo. Ila usisaini kama unapokea kadi ya mchango wa harusi.

Huku kwetu utafiti sio mgeni. Chikungunya, ile homa ya viungo, jina lake limetoka Kimakonde, maana yake mtu kajikunja kwa maumivu, na mlipuko wa kwanza kuandikwa na madaktari ulikuwa hapa hapa uwanda wa Makonde, 1952 mpaka 1953. Waliougua ni bibi na babu zetu. Chanjo ya kwanza ikaja kupitishwa Marekani Novemba 2023, na walioshauriwa kuitumia huko wakati ule walikuwa hasa wasafiri. Piga hesabu ya miaka mwenyewe. Ndo maana swali langu la kwanza siku zote ni hili: kwa nini sisi? Kama wamekuja kwa sababu ugonjwa upo huku, sawa. Kama ni kwa vile sisi hatuna maneno mengi, hapo pana shida. Marekani kwenyewe, mji wa Tuskegee, 1932 mpaka 1972 watu weusi maskini wenye kaswende walifuatiliwa tu bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana miaka ya 1940.

Sa ukikaa nao, mwambie asome fomu ya ridhaa yote kwa Kiswahili, na kama bibi anaelewa zaidi Kimakonde basi aelezwe kwa Kimakonde. Usione aibu kumrudisha nyuma. Uliza damu inapimwa nini, inakaa wapi, kama inasafirishwa nje ya nchi kibali kipo? Uliza kibali cha maadili, yaani ruhusa kwamba utafiti unafuata haki za watu, ukurasa wa kwanza au wa mwisho wa fomu utakuta jina na namba ya simu ya kamati iliyokitoa, mara nyingi NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hiyo namba imewekwa uipige sio pambo. Mtendaji wa kijiji kuwakaribisha haimaanishi wewe umekubali, hilo watu wengi wanalichanganya sana.

Hela wanayotoa ni ya nauli na fidia ya muda wako. Ikiwa nono mpaka unasahau kuuliza madhara, shtuka.

Na ukikataa, au ukakubali af katikati ukaghairi, ni haki yako, kesho ukienda zahanati na mtoto ana homa unatibiwa vilevile. Mtu akikwambia vinginevyo, ndo uipige ile namba.

Shangazi yangu alifuatwa msimu wa korosho, yupo chini ya mti anabangua, mikono ina utomvu. Kijana kamsomea haraka haraka kurasa nne, kamaliza kamsogezea wino. Shangazi hakunyoosha kidole. Kasema, "Mwanangu, majibu ya damu yangu utaniletea mimi, au utampelekea aliyekutuma?" Kijana kaguna, kafunua tena fomu, kumbe kuna mstari unasema majibu yatapitia zahanati baada ya wiki mbili, alikuwa ameuruka! Akausoma upya taratibu. Shangazi akaniita niwe shahidi maana yeye hasomi, na hiyo ndo taratibu, asiyesoma lazima awe na shahidi ambaye si mtu wa mradi, ndo akaweka dole.

Kijana akataka kuondoka na nakala zote mbili. Shangazi akamwambia moja yangu. Ipo mpaka leo, kaikunja kaiweka pamoja na kadi ya kura na stakabadhi za korosho.