Kumtembeza mgeni kwa boti kwenye Canal du Midi, hatua kwa hatua

Mwezi Juni swahiba wangu alikuja kunitembelea Toulouse kutoka Tanga, tukakodi boti siku nne kwenye Canal du Midi, mfereji wa kusini mwa Ufaransa, kutoka mji wa Castelnaudary hadi Carcassonne. Amekulia ufukweni, kamba na nanga anazijua kuliko mimi. Lakini mfereji una adabu zake, na jambo moja lilitupotezea mchana mzima. Nakuandikia wewe unayesubiri mgeni.

Hatua ya 1: Karatasi

Mgeni akifikia nyumbani kwako, wahi mairie, yaani ofisi ya meya, ukaombe attestation d'accueil, hati ya kumkaribisha mgeni, aiambatishe kwenye maombi ya viza. Boti ya kukodi haitaki leseni. Mtafundishwa papo hapo. Msipange majira ya baridi, mfereji hufungwa kwa matengenezo.

Hatua ya 2: Boti

Mita tisa zawatosha watu wawili. Mimi sichukui boti isiyo na usukani wa nje, kwa sababu nahodha aliyejifungia ndani hazioni kamba zake. Dapra, yaani maboya ya kukinga boti isigonge ukuta, ziwe tatu au zaidi kila ubavu. Upondo uwemo, na kisu cha mkate chenye meno.

Hatua ya 3: Milango ya maji

Hapa tulia usome mara mbili. Pierre-Paul Riquet, aliyeanza kuchimba mfereji huu miaka ya 1660, aliyaleta maji ya milimani hadi Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo mfereji unateremka pande zote mbili. Boti hushushwa au kupandishwa ndani ya vyumba vya mawe vyenye malango mbele na nyuma, ambavyo Wafaransa huviita écluse. Vya huku vina umbo la yai, kwa hiyo boti hailali sambamba na ukuta, hucheza. Ukitoka Castelnaudary kwenda Carcassonne unateremka, na vya kwanza kukutana navyo ni vya Saint-Roch, vinne vimeungana kama ngazi.

Katika cha pili, mwenzangu alifanya ambalo baharia yeyote angelifanya gatini: alipiga fundo. Maji yakashuka, boti ikabaki inaning'inia kwa kamba ya tezi, yaani ya nyuma, imekaza kama uzi wa gambusi. Vikombe vikamwagika kabatini. Mlinzi wa milango akafunga maji, nami nikaikata kamba. Kisha nikatia gia kabla ya kukiopoa kipande kilichoanguka majini, kikajisokota kwenye propela. Tulivutwa kwa mikono hadi ukingoni, tukamngoja fundi kwa muda wa saa nne. Alichokitoa kilikuwa nailoni iliyoyeyuka, ngumu kama pembe.

Basi kamba haifungwi, hushikwa. Ipitishe nyuma ya nguzo ya ukingoni, ncha irudi botini mkononi mwako. Ukiteremka ilegeze polepole, ukipanda ivute. Usijiviringishie kiganjani. Ncha isiwe na fundo wala kitanzi, itanasa nguzoni. Ukiteremka, kaa mbali na lango la nyuma: chini yake kuna kizingiti cha mawe, na tezi ikikikalia, omo, yaani sehemu ya mbele, inazama. Ukipanda, mshushe mwenzako kabla ya kuingia, atembee hadi juu akupokelee kamba. Maji huingia kwa kishindo kutoka mbele, na kamba ya omo ndiyo inayobeba kazi. Injini ibaki huru muda wote.

Kabla ya kutia gia, sasa huwa nauliza kwa sauti, "Kamba ndani?" Siugusi mkono wa gia mpaka nisikie, "Ndani zote mbili!"

Hatua ya 4: Mwendo na chakula

Mwendo usizidi kilomita 8 kwa saa. Walinzi wa milango huenda kula mchana, nanyi kuleni. Cassoulet, maharage yanayoipa Castelnaudary sifa, kwa kawaida hupikwa na nyama ya nguruwe. Mgeni asiyeila mwambie mapema. Sisi tulipika wali na samaki.

Hatua ya 5: Kulala

Pigilia vigingi viwili vya chuma ukingoni, kimoja mbele ya omo, kimoja nyuma ya tezi, na hapa ndipo fundo la mwenzangu lilipopata mahali pake. Usifunge kamba kwenye miti ya kivuli. Tangu 2006 kuvu inaiua, nayo huingilia kwenye majeraha ya magome. Tulipita sehemu ndefu zilizobaki visiki pande zote mbili, na miche iliyopandwa upya katikati yake haijatufika mabegani.