Kabla Hujaunganisha King'ora cha Nyumba na Raspberry Pi

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya bodi moja, na watu huiunganisha na king'ora ili simu iite kikilia. Lakini usiguse waya hata mmoja kabla ya kujua king'ora ni cha nani. Kama kilifungwa na kampuni ya ulinzi unayoilipa kila mwezi, huenda mkataba unakukataza kufungua paneli, yaani kasha linaloongoza king'ora. Usome, kisha uwaulize. Kama ni chako, tafuta kijitabu chake ukisome.

Volti. Paneli nyingi za nyumbani na sensa zake za mwendo hutumia volti 12. Pini za Raspberry Pi ni za volti 3.3, hata 5 ni nyingi mno kwake. Ukigusisha waya wa king'ora kwenye pini, bodi inaweza kufa bila hata kutoa moshi. Weka optokapla katikati, kwa mfano PC817, pamoja na rezista ya kilo-omu 1. Ndani ya optokapla kuna kitaa (LED) upande mmoja na kipokea mwanga upande wa pili. King'ora kinawasha kitaa, bodi inasoma mwanga, na zile volti 12 zinabaki kwao.

Ishara uichukue pale paneli inapotoa umeme wa king'ora. Achana na waya za sensa zenye rezista mwishoni, kwa sababu paneli huzipima muda wote, na ukizidandia itadhani mtu amezikata.

Sasa sikia la betri. Ndani ya kasha la paneli mna betri ya asidi, mara nyingi ya volti 12 na ampea-saa 7. Mtu akiiona hiyo anafunga kigeuzi cha kushusha volti hadi 5, bodi inawaka, anafunga kasha. Ndivyo kijana mmoja alivyomfungia mama yake huku kwetu Mamboleo, Kisumu. Kazi ilikuwa safi, waya zimelala vizuri, na mlango ukifunguliwa simu ya mama inaita hata akiwa soko la Kibuye. Kisha Jumamosi moja ikaja mvua ya upepo, stima ikapotea adhuhuri na haikurudi. Alfajiri wezi wakaingia kwa mlango wa jikoni, wakabeba televisheni, mtungi wa gesi na cherehani anayotafutia riziki. Hakuna kilicholia. Mama aliniambia aliamshwa na baridi ya mlango uliokuwa wazi. Tulipofungua kasha na mwanawe, mita ilisoma volti 9 na kidogo, yaani betri ilikuwa imekwisha.

Piga hesabu. Paneli na sensa zake zikila ampea 0.2, betri nzima ingezibeba zaidi ya siku. Bodi na modemu yake zikila wati 5, ukijumlisha kinachopotea kwenye kigeuzi, ni karibu ampea 0.5 nyingine. Jumla 0.7, na ampea-saa 7 ukizigawanya kwa 0.7 ni saa 10, tena kwa betri mpya. Iliyokaa ukutani miaka minne haifiki huko. Kabla ya ile bodi, nyumba hiyo ilikuwa na king'ora kinachomaliza usiku.

Kwa hiyo bodi ipate betri yake yenyewe, mbali na ya paneli. Ukiing'oa bodi yote, king'ora lazima kilie vilevile. Lijaribu hilo: waambie majirani na kampuni ya ulinzi, zima mainswichi jioni, lala, kisha asubuhi ufungue mlango usikie.

Stima ikipotea, Wi-Fi nayo hupotea. Tumia modemu ya laini ya simu, na salio liwemo. Bodi za kabla ya Raspberry Pi 5 hazina saa inayojiendesha, hivyo zikiwaka bila intaneti zinaandika saa ya uongo. Ongeza saa ya DS3231, maana polisi wakiandika OB (kitabu chao cha matukio) watakuuliza ilikuwa saa ngapi. Kadi ya SD inayobeba programu ya bodi inaweza kuharibika umeme ukikatika ghafla, kwa hiyo weka nakala pembeni.

Nywila: programu za bodi hizi za kabla ya Aprili 2022 zilikuja na jina «pi» na nywila «raspberry», na dunia nzima inazijua. Badilisha leo. Usifungue mlango wowote wa mtandao (port) kwenye ruta ili uione nyumba ukiwa mbali, tumia VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani.

Radi za huku unazijua. Waya mrefu wa kwenda getini huokota umeme wake, basi uwekee kinga na waya mzuri wa ardhi. Kasha lifungwe kwa kufuli, lisikae juu ya sinki. Mfundishe anayebaki nyumbani namna ya kuzima king'ora, na umwonyeshe kwa mkono, si kwa simu. Picha za paneli yako usizitume kwenye grupu la ploti. Na fundi akikuambia kazi hii ni ya nusu saa, mwambie arudi siku atakayokuwa na nafasi.