Somo: Likizo ya Vietnam kwa kuhesabu mwezi

Wadau, somo hili niliahidi tangu niliporudi, nikawa napiga danadana. Leo nimekaa. Linamhusu mtu mwenye likizo ya wiki mbili anayetaka kuwaona Wavietnam wanavyoishi, wanavyokula na wanavyosherehekea. Kama shida yako ni ufukwe na bwawa la kuogelea, Zanzibar ipo na nauli yake ni nafuu.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kutazama bei ya tiketi

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wavietnam kazini wanatumia kalenda hii hii yetu, lakini sikukuu, sadaka za wahenga na hata siku za kutokula nyama zinafuata mwezi. Sisi tuliokulia kwenye Ramadhani na Maulidi hili halitusumbui, ila kuna tofauti moja: wao kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa kumi na tatu ili kalenda isiachane na majira. Ndiyo maana mwaka mpya wao, Tết, hauzunguki mwaka mzima. Huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na siku ya 20 hivi ya Februari. Mwaka 2027 ni tarehe 6 Februari.

Sasa shika hizi. Tarehe 1 na 15 za kila mwezi wao, watu hufukiza ubani na kupanga matunda kwenye madhabahu ya nyumbani, na wengi hula chakula kisicho na nyama. Usiku wa tarehe 14, mji wa kale wa Hội An hupunguza taa za umeme na kuachia fanusi za hariri. Tarehe 13 ya mwezi wa kwanza kuna tamasha la Lim huko Bắc Ninh, karibu na Hanoi, ambako wanawake na wanaume hujibizana kwa nyimbo za quan họ, wengine wakiwa mashuani. Tarehe 15 ya mwezi wa nane ni Trung Thu, sikukuu ya watoto, na mtaa wa Hàng Mã pale Hanoi hauna pa kukanyaga kwa fanusi na vinyago.

Mimi nilihesabu kinyumenyume. Nilitaka usiku wa 14 unikute Hội An, kwa hiyo Hanoi niliingia tarehe 6 ya mwezi wao: siku tano Hanoi, treni ya usiku, siku mbili Huế, kisha Hội An. Siku zilizobaki zikaenda Saigon, ambalo jina lake rasmi ni jiji la Ho Chi Minh.

Hali ya hewa usiidharau. Januari Hanoi ni baridi yenye manyunyu, beba sweta la kweli. Oktoba na Novemba mvua za katikati ya nchi huwa kali, mto wa Hội An hupanda hadi majumbani. Februari hadi Aprili ndio muda wangu.

Hatua ya 2: Viza

Tangu Agosti 2023 viza ya mtandaoni iko wazi kwa raia wa nchi zote: hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja, dola 50 kwa kuingia mara nyingi. Omba mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao, usimpe wakala. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mimi niliruka jina la katikati, nikaomba upya na kulipa upya, na hela ya kwanza hairudi.

Hatua ya 3: Panda treni

Reli ya Hanoi hadi Saigon ina urefu wa kilomita 1,726, na ukienda moja kwa moja utalala njiani. Usifanye hivyo, ikate vipande. Kipande cha Huế hadi Đà Nẵng uchukue mchana, kaa upande wa bahari, maana treni inazunguka mlima wa Hải Vân ikiwa juu ya maji kabisa. Kuanzia Đà Nẵng hadi Hội An ni kilomita 30 hivi za barabara, treni haifiki.

Watu wataniuliza kuhusu ghuba ya Hạ Long. Ni pazuri. Lakini ile ni mandhari, na hapa tunazungumzia watu. Siku mbili za kukaa melini na watalii wenzako utazikumbuka ukiwa umekosa muda Huế, mji wa wafalme wa Nguyễn waliotawala kuanzia 1802 hadi 1945.

Hatua ya 4: Jifunze kumwita mtu

Hii ndiyo hatua niliyoipenda kuliko zote, na Mswahili anaanza akiwa mbele. Kivietnam hakina "wewe" moja ya kumwambia kila mtu. Unamwita mtu kwa udugu: *anh* ni kaka aliyekuzidi, *chị* ni dada, *em* ni mdogo wako, *ông* na *bà* ni babu na bibi. Wanatenganisha hata *bác*, baba mkubwa, na *chú*, baba mdogo. Na wewe pia hujiiti "mimi"; ukizungumza na mtu wa rika la mzazi wako unajiita *cháu*, yaani mpwa au mjukuu.

Kwa hiyo mtu atakuuliza umri kabla hata hajakuzoea. Si umbea. Anatafuta akuite nani. Pale Hanoi kulikuwa na mama mmoja wa supu ya phở kwenye kona, stuli za plastiki chini kabisa, magoti yanafika kidevuni. Siku ya pili alichukua simu, akafungua kikokotoo, akaandika 1961 na kujinyooshea kidole, kisha akanipa niandike wangu. Nikaandika 1984. Akacheka, akajigusa kifua: "Cô." Shangazi. Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa cháu, na nikisahau kuweka majani kwenye bakuli aliyaweka mwenyewe huku akigomba.

Adabu nyingine mtazitambua: mkubwa mpe kitu kwa mikono miwili, vua viatu mlangoni, pagodani funika mabega na magoti. Moja tu ni ngeni kwetu: usisimamishe vijiti vya kulia katikati ya bakuli la wali. Vinafanana na vijiti vya ubani anavyochomewa marehemu.

Hatua ya 5: Hanoi anza alfajiri

Saa kumi na mbili asubuhi nenda ziwa la Hoàn Kiếm, uwakute wazee wakinyoosha viungo. Kisha ingia mitaa ya kale, ambayo mingi imebeba jina la bidhaa: *Hàng* ni bidhaa, Hàng Bạc ni ya madini ya fedha. Văn Miếu, hekalu la elimu lililoanzishwa 1070, lina mawe 82 yaliyochongwa majina ya waliofaulu mitihani ya kifalme, kila jiwe limebebwa na kobe.

Jioni moja iwe ya vikaragosi vya majini. Mchezo huu ulizaliwa kwenye majaruba ya mpunga ya bonde la Mto Mwekundu. Wachezaji husimama majini hadi kiunoni nyuma ya pazia la mianzi, wakiendesha vikaragosi kwa miti mirefu iliyozama. Hutaelewa neno hata moja, na utacheka.

Kahawa yao ni robusta, ndugu zangu wa Bukoba mtajisikia nyumbani. Inachuruzika tone kwa tone kwenye kichujio kidogo cha bati juu ya maziwa mazito ya kopo. Usiiharakishe.

Halafu pesa: noti ya đồng 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Nilimlipa muuza chai ya barafu, nikaondoka zangu, nikasikia kandambili zinanifuata mbio. Ananirudishia laki tano yangu. Tangu siku hiyo laki tano zinakaa mfuko wake peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

*Swali (Tanga): Mimi Mwislamu. Nitakula nini, na nitaswali wapi?*

Jibu: Hanoi kuna msikiti mtaa wa Hàng Lược, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi enzi za Wafaransa. Saigon upo mtaa wa Đông Du. Kwa chakula jifunze neno *chay*: ni mapishi ya Kibudha, hayana nyama wala mchuzi wa samaki. Usiridhike na mboga za kawaida, nyingine hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tarehe 1 na 15 chay imejaa kila kona. Ukipata muda shuka hadi Châu Đốc, kwenye delta ya Mekong. Wapo Waislamu wa kabila la Wacham, adhana utaisikia ukiwa mtoni.

*Swali (Nairobi): Je, niende wakati wa Tết wenyewe?*

Jibu: Wiki moja kabla, ndiyo: masoko ya maua, mipichi kaskazini, kila nyumba inapika *bánh chưng*, keki ya mchele wa kunata iliyofungwa kwenye majani. Siku tatu za mwanzo, jiandae. Maduka yamefungwa, treni zimejaa tangu zamani, kila mtu yuko kwao. Na usibishe hodi nyumba ya mtu siku ya kwanza bila kualikwa, maana mgeni wa kwanza anaaminika kuleta bahati ya mwaka mzima, njema au mbaya.

*Swali (Bujumbura): Wanatutazamaje sisi weusi?*

Jibu: Mjini hawashangai sana. Vijijini utatazamwa, utaombwa picha, bibi mmoja alinishika nywele bila kuniuliza. Mimi sikuona chuki, niliona udadisi. Lakini kutazamwa kutwa nzima kunachosha, na una haki ya kukataa picha.

*Swali (Dar): Nasikia Hội An kuna mafundi cherehani. Niende na kitenge?*

Jibu: Nenda nacho! Mimi nilibeba doti ya khanga na kitenge cha yadi sita. Fundi alikigeuzageuza, akakinusa, akaniuliza kwa ishara kama kitachuja rangi. Kitenge akakishonea mke wangu *áo dài*, ile kanzu ndefu iliyopasuliwa pembeni na suruali yake, kwa vipimo nilivyoandika kwenye karatasi. Kosa langu ni hapo. Fika Hội An ukiwa na siku tatu, mvaaji awepo, na udai kujaribisha mara mbili, kwa sababu nguo ile hubana kifuani na haina pa kujificha. Yetu imegoma begani. Fundi wa Kariakoo anasema inaweza kuachiwa sentimita mbili, ila anaogopa kuigusa.