Jinsi ya kusoma The Kite Runner usikipitie juu juu

Watu wengi naona wanasema hiki kitabu walikimaliza kwa usiku mmoja wakalia basi. Mimi nakuomba usikikimbize ndugu yangu, kinywe kama kahawa chungu ya barazani, kikombe kidogo kidogo.

Kabla hujaanza jua haya tu. Ni riwaya ya watoto wawili wa Afghanistan, Amir na Hassan. Mwandishi wake Khaled Hosseini kazaliwa Kabul, mji mkuu wa huko, 1965, alikuwa daktari kule California wakati akikiandika, kikatoka 2003. Amir ni Mpashtuni, kabila lenye nguvu kule, mtoto wa tajiri, Hassan ni Mhazara, kabila lililodharauliwa, mtoto wa mtumishi wa nyumba ile ile, mmoja Sunni mwengine Shia. Na hapa tulia, maana utaambiwa mapema kabisa kuwa wote wawili walinyonyeshwa na mwanamke mmoja. Msomaji wa mbali anaweza kupita hapo asione kitu, lakini sisi wa Pwani twajua kunyonya ziwa moja ni nini, hao ni ndugu wa kunyonya katika sheria ya Kiislamu. Kwa hivyo usisome ukidhani ni marafiki tu waliokosana, soma ukijua ni ndugu, kila Amir akimdharau Hassan utaumia mara mbili.

Halafu tiara. Tiara zetu tulizounda kwa chelewa na gazeti na gundi ya ngano zilikuwa za kurusha tu, za Kabul ya kitabuni ni vita, uzi unapakwa gilasi iliyosagwa ili ukate uzi wa mwenzako, atakayebaki wa mwisho angani ndiye mshindi, na ile ya mwisho kukatwa watoto huikimbilia mitaani kwa sababu ndiyo yenye heshima kubwa kuipata. Usipolielewa hilo hutaelewa kwa nini Hassan hakukubali kuiachilia.

Chapta ya 7 isome peke yako, na mchana ukiweza. Kuna mtoto anadhulumiwa vibaya sana kimwili, kwa hivyo kitabu hiki usimpe mtoto mdogo kisa tu kina watoto ndani. Ukiimaliza funga kitabu utoke nje utembee. Usianze kumtukana Amir, ana miaka 12 na anaogopa. Kinachonitesa mimi zaidi ni chapta ya 9, ile saa na pesa chini ya godoro, kwa sababu pale hakuna wa kuogopa tena, ni aibu yake mwenyewe haimpi nafasi ya kumtazama mwenzake usoni.

Sehemu ya Marekani unaweza kwenda nayo haraka kiasi, lakini baba yake Amir mwangalie sana kule. Siri zake sisemi.

Kama mnasoma kikundi msikae mkaulizana Amir ni mbaya au mzuri, hapo mtabishana mpaka alfajiri. Sisi tulikaa wanne Lighthouse, pale ufukweni Mombasa, jioni na madafu na mihogo ya kukaanga, tukaulizana swali moja tu, siku uliyonyamaza wewe, nani aliumia? Kila mtu alikuwa na mtu wake wallahi.

Wangu ni rafiki wa utotoni. Dirisha la madrasa nililivunja mimi na mpira, akachapwa yeye, nami nimesimama pale pale naangalia. Miaka zaidi ya 20 sikuwahi kumwambia neno.

Kwa hivyo ukifika chapta ya 14, kwenye ile simu Amir aliyopigiwa kutoka Pakistan, weka alama, usiendelee. Mtafute mtu wako kwanza, na usitume meseji, nenda, maana Amir alingoja sana na utaona kilichomkuta. Mimi nilivuka feri nikamfuata Likoni, nikamweleza yote nimesimama mlangoni hata viatu sijavua. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Nilikuona siku ile, nilikuwa nangoja uje." Akamwita mwanawe alete chai.