Kantangaze hafi hata ubadilishe dawa? Soma hapa kwanza

Wakuu wa nyanya, tuanze na huyu mdudu mwenyewe, kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake wanakula nyanya kwa ndani. Kwenye viwavi wote ulionao shambani huwa kuna wachache wamezaliwa hivyo hivyo, vimeng'enya vyao vinavunja sumu kabla haijafanya kazi, au ile sehemu ya neva ambayo sumu inatakiwa kushika imebadilika kidogo haishiki tena. Ukipiga dawa wanabaki hao, huo ndo usugu, wakishakuwa nondo wanapandana wao kwa wao, jike anaweza kutaga mayai mpaka 260 na kwenye joto kizazi kinakamilika kama mwezi hivi, sasa we hesabu mwenyewe msimu mmoja.

Hatua ya 1: hakikisha ni usugu kweli. Chuma jani lenye baka jeupe, liinue juani, utamwona kiwavi katulia katikati ya ngozi mbili za jani na kinyesi chake cheusi pembeni. Dawa ya kugusa tu haimfikii huko, hapo usiseme usugu. Angalia pia nozo ya bomba la kupulizia kama imelika na kama dawa yenyewe sio feki.

Hatua ya 2 ndo watu wengi wanapokwama. Usisome jina kubwa la kwenye chupa, soma kiambato (sumu yenyewe) na namba ya kundi, dawa za kundi moja zinaua mdudu kwa njia moja. Abamektini na emamektini zote ni kundi la 6, saipamethrini na deltamethrini zote 3A, kwa hiyo unaweza kununua chupa tatu za rangi tofauti ukawa unapiga kitu kile kile, na muuza duka wala hakwambii.

Hatua ya 3: badilisha kundi kwa kizazi. Mwezi huu umetumia la 6, kurudia ni sawa kama lebo inaruhusu, ila mwezi ujao usiliguse kabisa, nenda la 5 au 28, ili watoto wa waliopona wakutane na sumu ngeni. Na hilo la 28 usiling'ang'anie eti ni kali, Italia usugu wake uliripotiwa 2015.

Hatua ya 4: dozi ya lebo, basi.

Hatua ya 5: ng'oa masalia ukimaliza kuvuna, yafukie. Mtego wa feromoni (harufu ya jike) weka mapema, ila unanasa madume tu, ni wa kukwambia wameingia.

Siku chache baada ya kupiga rudi ufungue majani, ukikuta viwavi bado wanatembea usirudie kundi lile lile.