Hati mpya ya mkandarasi mdogo imefika: namna ya kuiingiza kwenye programu ya ujenzi

Kazi yangu ni kutunza hati za wakandarasi wadogo, yaani wanaopewa sehemu ya kazi na mkandarasi mkuu, kwenye saiti za ghorofa hapa Nairobi. Kila mwisho wa mwezi, kabla mkadiriaji majenzi, anayepima kazi na gharama zake, hajapitisha malipo, mimi ndiye ninayeulizwa: huyu wa umeme hati zake ziko sawa? Wa mabomba je? Jibu liko kwenye skrini, kijani au nyekundu. Ninaeleza hapa ninavyohakikisha kijani hicho kinasema kweli. Menyu hutofautiana kati ya programu moja na nyingine, lakini utaratibu ni ule ule: unafungua mkataba, unaingia kwenye orodha ya hati za masharti, unaweka hati, tarehe na hali yake.

Hatua ya 1: Pata hati yenyewe

Omba faili la PDF lililotoka kwa aliyeitoa hati. Picha ya WhatsApp iliyopigwa juu ya meza, pembe moja imekatika, irudishe. Pembe hiyo ndiyo mara nyingi yenye namba ya cheti.

Hatua ya 2: Isome kabla ya kugusa programu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na sioni haya kumwambia mtu asubiri.

Cheti cha ulipaji kodi cha KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hudumu miezi 12. Angalia PIN kwanza, yaani namba ya mlipa kodi. PIN ya kampuni huanza na herufi P, ya mtu binafsi huanza na A. Nimeletewa mara nyingi cheti cha mkurugenzi mwenyewe ilhali mkataba ulitiwa saini na kampuni yake. Cheti hicho ni halali, ila si cha huyo tunayemlipa. Kisha hakiki namba ya cheti kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Ni kazi ya dakika mbili.

Kwa NCA, mamlaka inayosajili wakandarasi, usichanganye cheti cha usajili na leseni ya mwaka. Unataka vyote viwili, na leseni ndiyo inayokwisha. Tazama pia aina ya kazi na daraja, kuanzia NCA 1 iliyo ya juu hadi NCA 8. Aliyesajiliwa kwa barabara hajawa fundi wa lifti kwa sababu tu leseni yake haijaisha.

Bima ya WIBA, ya wafanyakazi wanaoumia kazini, ndiyo inayoninyima usingizi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, kifungu cha 7, inamtaka kila mwajiri awe na bima hiyo, na fidia ya kifo au ulemavu wa kudumu kabisa ni mapato ya miezi 96. Miaka iliyopita, kwenye saiti niliyokuwa, mpiga plasta alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga. Skrini yangu ilikuwa kijani. Nilipofungua faili nikakuta karatasi niliyoipokea ilikuwa ankara ya bima: ina nembo, ina jina la kampuni, ina tarehe za mwanzo na mwisho, lakini hela haikuwa imelipwa. Kwa sheria ya bima ya Kenya, kampuni ya bima haibebi hatari kabla ya kupokea malipo yake. Yule bwana alikaa nyumbani miezi minne akitumiwa pesa kidogo kidogo na mwajiri wake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeandika kwamba kila kitu kiko sawa. Tangu siku hiyo sipokei WIBA bila risiti. Nampigia pia aliyeiandika bima, kwa namba niliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye karatasi.

Halafu hesabu watu. Bei ya bima hii hupimwa kwa mishahara na aina ya kazi, kwa hiyo wapo wanaopunguza idadi ili walipe kidogo. Linganisha na rejista ya mahudhurio ya saiti, vibarua wa siku wakiwemo.

Hatua ya 3: Fungua mkataba ulio sahihi

Mkandarasi mmoja anaweza kuwa na mikataba miwili nasi, mmoja Kilimani, mwingine Ruaka. Leseni ya NCA inafaa kote. Bima iliyotaja saiti moja haifai kote.

Hatua ya 4: Ongeza, usifute

Weka hati mpya kama toleo jipya au mstari mpya. Kitufe cha kubadilisha faili kinavutia kwa sababu orodha inabaki fupi, lakini kinameza ya zamani. Siku ya mzozo hutaulizwa kama ana bima leo. Utaulizwa kama alikuwa nayo siku ile mtu alipoumia.

Hatua ya 5: Tarehe

Andika tarehe ya mwisho iliyo kwenye hati, si siku uliyoipokea. Programu nyingi zimetengenezwa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Ukiandika 05/08, huenda mfumo ukasoma tarehe 8 Mei badala ya 5 Agosti. Badilisha mpangilio wa tarehe kwenye akaunti yako, au chagua siku kwenye kalenda badala ya kuandika kwa mkono.

Tazama pia pengo. Bima ya zamani iliisha 30 Juni, mpya inaanza 9 Julai: siku nane hakukuwa na bima. Ziandike kwenye sehemu ya maelezo, na mwarifu msimamizi wa saiti.

Hatua ya 6: Hali

Acha kwenye "inasubiri uhakiki" hadi uhakiki ukamilike. Mkadiriaji akikusukuma kwa sababu ya malipo, mwonyeshe kinachokosekana. Usimpe kijani cha kumridhisha.

Hatua ya 7: Kumbusho

Siku 30 na siku 14 kabla ya mwisho. Ielekeze kwa mwenye kampuni au mhasibu wake; foromani hana hela ya kulipia bima.

Hatua ya 8: Tuma ujumbe

Usiiachie programu peke yake. Andika kwa maneno yako, nakala kwa mkadiriaji na msimamizi wa saiti. Huu niliutuma wiki hii:

"Habari ya asubuhi, Mzee. Bima yako ya WIBA na risiti nimezipokea, asante. Ila bima ni ya watu 12, na rejista ya jana ina watu 19. Tafadhali mwambie wakala aongeze hao saba, unitumie nyongeza hiyo na risiti yake kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Malipo yatasubiri hapo. Na hadi hapo, tafadhali, hao saba wasipande jukwaani."